Kaunti za Nebraska na Macho ya Dada Pushpa

Kabla hamjaniuliza, ndiyo, ni kweli: nimekwenda Marekani mara sita na New York sijaiona. Sijaliona lile sanamu lenye mwenge, sijaiona Hollywood, sijatia mguu kwenye bahari yao hata moja. Nilichokiona ni Kansas, na baada ya Kansas, Nebraska. Nyasi, uzio, ng'ombe, kibao kidogo cha kijani chenye jina la kaunti, halafu nyasi tena. Vibao hivyo nimeviona zaidi ya mia, na mbele ya kila kimoja nimepiga picha nikicheka kama bibi harusi.

Mie ni Mwanakombo, mzaliwa wa Wete, mkaazi wa Tottenham, dereva mstaafu wa mabasi ya London. Nyie mlioanza juzi kukaa nyuma ya usukani mmeniomba niwaeleze kazi ilikuwaje zamani. Nitawaeleza. Lakini kazi hii nilifundishwa na mwanamke mmoja, na mwanamke huyo ndiye aliyenipeleka Nebraska, na siwezi kusimulia moja nikaacha jengine. Vumilieni. Mwenye haraka apande treni.

Namna nilivyoingia kazini hakuna cha kujisifia. Siku moja, bado mgeni, nilikwenda Croydon kwenye lile jengo la uhamiaji. Nilisimama kwenye foleni ya mvua tangu asubuhi, nikaulizwa maswali mengi mpaka jina la bibi yangu mwenyewe nikalikosea. Narudi nimelowa chapachapa, napanda basi, namuona dereva: mwanamke mnene, koti kubwa, amekaa pahala pake pakavu, hita inampulizia miguuni, na hakuna anayemuuliza kitu. Nikajisemea, mie nakitaka kile kiti. Ilinichukua miaka kukipata. Katikati hapo nilifagia maofisi ya Stratford mpaka nikawajua wakubwa wote kwa mapipa yao ya taka.

Mkufunzi wangu gerejini, pale mabasi yanapolala, alikuwa Dada Pushpa, Mhindi wa Unguja aliyezaliwa Mji Mkongwe na kuletwa Uingereza akiwa msichana mdogo. Kiingereza alikitumia kugombana na Kiswahili alikitumia kusema anachomaanisha. Siku ya kwanza alinitizama kutoka juu hadi chini.

"Wewe wa wapi?"

"Wete."

"Aa, Mpemba! Basi utaendesha vizuri. Kwa ubahili wenu, hutoacha hata rangi ya basi kwenye ukuta wa mtu."

Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo kitabuni. Alisema usiwatizame nyuso watu walio kituoni, watizame miguu, maana mtu anayetaka kurukia barabarani uso wake hauna habari lakini mguu ushaondoka. Alisema funga breki kila mara kama vile shangazi yako yuko ghorofa ya juu na sufuria ya mchuzi wa moto mapajani. Alisema vioo vitazamwe kwa zamu, kushoto, kulia, ndani, na ukivizoea sana siku hiyo ndiyo utagonga. Siku hizi basi lenyewe lina sauti ya bibi inayotaja vituo, lina kamera kila pembe, halitoi hata moshi. Sisi tulikuwa tunahesabu chenji huku tunatukanwa. Lakini shangazi na mchuzi wake bado wako juu, msiwasahau.

Na mie nilikosea. Wiki ya pili niliyokuwa peke yangu, barabara imefungwa kwa matengenezo, nikalifuata basi la mbele yangu bila kusoma namba yake. Lilikuwa la njia nyingine. Nikajikuta na basi la ghorofa katikati ya mtaa wa nyumba za halmashauri, mbele ukuta, nyuma magari yameegeshwa pande mbili, na abiria arubaini kimya. Nikajifanya nasoma ratiba. Mama mmoja wa Kikongo, mikononi ana mfuko wa samaki kutoka sokoni, akaja akagonga kioo changu.

"Dada, we umepotea, si ndiyo?"

"Natazama tu," nikasema.

"Unatazama ukuta?"

Akateremka, akasimama nyuma ya basi, akaanza kuniongoza kwa mkono mmoja, mkono mwengine samaki. "Kuya! Kuya! Simama! Kata!" Alinitoa pale bila mkwaruzo hata mmoja. Nilipomhadithia Dada Pushpa alicheka mpaka chai ikampalia. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kupotea si kosa, kosa ni kujifanya hujapotea huku watu wamekupa maisha yao kwa nusu saa.

Sasa Nebraska. Dada Pushpa alifiwa na mumewe mapema. Kaka yake alikuwa na moteli katika mji mdogo wa Kansas, mji ambao ukipiga chafya umeshaupita. Alikwenda kumtembelea, na siku ya tatu akachoka kukaa mapokezi akitizama televisheni. Akachukua gari la kaka yake, akaondoka tu. Aliporudi London alikuja na ramani ya Marekani iliyogawiwa kaunti zote, zaidi ya elfu tatu, akaitandaza kwenye meza ya kantini na kuanza kuzipaka rangi zile alizokanyaga. Zilikuwa kumi na nne.

"Zimebaki ngapi?" nikamuuliza.

"Usiwe mjinga. Nani anataka zote? Nataka Kansas yote na Nebraska yote. Na nataka mtu wa kushika usukani mchana, nipate kula."

Nyumbani nilipowaambia nakwenda Kansas, mume wangu aliuliza kama kuna msiba. Binti yangu Salma, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, akaniambia mama za wenzake huenda Dubai.

Sheria za Dada Pushpa zilikuwa chache na hazina mjadala. Kupita na gari hakuhesabiki. Lazima ushuke, miguu yote miwili chini, utaje jina la kaunti kwa sauti. Aliyelala wakati wa kuvuka mpaka, amekosa, na tunarudi. Kuna ujuzi pia, na huu nawapeni bure. Tafuta njia panda pale kaunti nne zinapokutana, uzunguke kidogo, unapata nne kabla ya chai. Petroli jaza ikifika nusu, usingoje. Na kila kaunti ina mahakama yake katikati ya mji, na kila mahakama ina choo kisafi ambacho hakuna anayekuuliza unaingia kufanya nini. Hilo la choo peke yake lina thamani kuliko kitabu chochote cha watalii.

Chakula kilikuwa mtihani. Kule ni nchi ya ng'ombe, na sisi wawili hatumli ng'ombe wao: Dada Pushpa kwa dini yake, mie kwa kutojua kachinjwa vipi. Tuliishi kwa mayai, viazi na sambusa alizokuwa akizikaanga jikoni kwa kaka yake.

Asubuhi ya kwanza, uwanja wa ndege wa Denver, jimbo la jirani na Kansas, nilidai kuendesha mie. Nikaingia garini kwa kishindo, nikafunga mkanda, nikanyoosha mikono nishike usukani. Hakuna usukani. Upo upande wa pili, na Dada Pushpa amesimama nje ananitizama.

"Endesha basi," akasema. "Nakungoja."

Safari ile ile, magharibi ya Kansas, wakati wa adhuhuri ulinikuta mpakani mwa kaunti mbili. Nikatandika mswala pembeni mwa barabara, nikaanza kusali. Ikaja gari ya polisi, ikasimama kwa fujo, akatoka kijana mrefu mwenye kofia kubwa, mbio. Aliniona niko kwenye sijda akadhani nimeanguka.

"Yuko salama?" akapiga kelele.

"Anaomba," Dada Pushpa akamjibu. "Punguza sauti."

Yule kijana akavua kofia, akasimama kimya mpaka nikatoa salamu. Halafu akauliza tunatafuta nini. Dada Pushpa akamwambia tumetoka London, tumekuja kuiona kaunti yake.

"Kuona nini ndani yake?"

"Yenyewe."

Alisema amezaliwa pale na hajawahi kusikia mtu kaja makusudi. Akampigia simu mama yake, na baada ya robo saa mama akafika na pai ya matufaha. Tulimuuliza imepikwa kwa mafuta gani, yasije yakawa ya nguruwe au ng'ombe. Siagi, akasema. Tuliila pale pale juu ya boneti ya gari ya polisi, na kijana yule akatupiga picha na kibao, sisi wawili na mama yake, kisha akaomba tumpigie na yeye, kwa sababu alikuwa hajapata kupigwa hata moja mbele ya kibao cha kwao.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Kansas tuliimaliza, tukaingia Nebraska. Ikafika safari ya tano.

Safari hiyo Dada Pushpa alikuwa na mchezo mpya. Yeye ndiye alikuwa hodari wa kuona vibao kabla yangu, lakini sasa akawa ananambia, "Soma wewe, Mwana, Kiingereza chako kinahitaji mazoezi." Mie nasoma, yeye anacheka. Kwenye moteli alimimina chai pembeni ya kikombe, nikamtania kuwa kazeeka. Mambo mawili matatu ya namna hiyo. Nilikuwa nayaona na sikuyaona.

Asubuhi moja kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska, yeye anaendesha, barabara ya changarawe, mbele njia panda. Upande wa kushoto lori la marobota ya nyasi kavu linashuka kilima. Nililiona kwa mbali sana, nikajua na yeye kaliona, maana lilikuwa kubwa kama msikiti.

"Dada," nikasema.

Hakupunguza.

"Dada! Dada!"

Tulikatiza njia panda. Honi ya lori iliingia garini kama mtu wa tatu. Vumbi likatufunika, na lilipotulia lori lilikuwa limesimama mbali huko, dereva wake ametoa kichwa dirishani anatuombea dua mbaya.

"Huyu katokea wapi?" Dada Pushpa akauliza.

"Katokea kushoto. Tumekuja naye tangu kule juu. Na kulikuwa na kibao cha kusimama."

"Hakukuwa na kibao."

Tukashuka, tukarudi kwa miguu. Kibao kilikuwepo, chekundu, kirefu kunipita, watu wa kule wamekipiga risasi mbili tatu kwa kujifurahisha. Dada Pushpa akakishika kwa mkono. Akatia kidole kwenye tundu la risasi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mbele naona. Pembeni ndiyo kama mtu kapaka makaa."

"Tangu lini, Dada?"

"Mwaka. Labda na nusu."

"Na mabasi, London?"

"London naijua kwa moyo. Kila kituo, kila taa."

"Mtoto wa skuli anayekatiza mbele ya basi, naye unamjua kwa moyo?"

Akageuka. "Usinifundishe kazi niliyokufundisha mie."

Nikampokonya funguo. Sijawahi kumpokonya kitu katika maisha yangu.

Tulirudi London hatusemezani vizuri. Uwanja wa ndege nilimwambia aende mwenyewe ofisini akaseme, na kama Jumatatu atashika usukani, mie nitasema. Uchunguzi wake wa afya ulikuwa bado mbali, hakuna mtu mwengine ambaye angejua. Akanambia nifanye nitakavyo.

Jumatatu alikuja, akatia sahihi, akachukua zamu yake kama kawaida. Ilikuwa njia inayopita skuli tatu. Nilikaa kantini nikiwa na kikombe mbele yangu. Nilimfikiria vile alivyokuja hospitali nilipojifungua Salma, na vile alivyonifichia makosa yangu mangapi gerejini pale. Nikasimama, nikenda kwa meneja.

Walimwita kabla basi halijatoka langoni. Alipita kantini na mkoba wake begani, akafika kwenye meza yangu, akasema kwa Kiswahili ili wengine wasielewe:

"Mpemba, umeniuza."

Akatoka. Baada ya hapo wenzangu walijua, hata kama hawakusikia maneno. Nilipokaa, viti vya karibu vikawa vinahama. Mmoja alinambia usoni kuwa mie mchongezi na kwamba yule bibi angestaafu kwa heshima baada ya miaka miwili. Labda angestaafu kwa heshima. Au labda tungemtembelea jela. Usiku kucha mie mwenyewe nilikuwa nikijiambia maneno yake.

Mwaka mzima na zaidi Dada Pushpa hakupokea simu yangu. Diwali ilipofika nilimpelekea halua kwa posta. Haikurudi. Nikapata matumaini kidogo, maana najua hawezi kutupa halua, lakini pia najua anaweza kuila na kuendelea kukuchukia.

Jumamosi moja asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua. Kasimama nje na fimbo nyeupe kaikunja kwapani kama mwavuli.

"Dereva wenu wa basi la leo anafunga breki kama anaua mende," akasema, akanipita, akaingia ndani.

Nikamtilia chai. Akakipapasa kikombe, akakishika vizuri. Kwa muda tulisikiliza jirani wa juu akivuta viti.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari kanambia ningechelewa miezi sita tu, ningekuwa sioni hata kikombe hiki. Sasa natia dawa, kilichobaki kimebaki. Naona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo."

Nikamsogezea sahani ya biskuti.

"Sikuja kukushukuru."

"Sikukwambia unishukuru."

"Nimekuja kwa sababu zimebaki kumi na nane."

"Kumi na nane nini?"

"Kaunti! We Mpemba kichwa chako kina nini?"

Nililia, na yeye akanambia nisilie juu ya biskuti, zitaloa.

Kwa hiyo tukenda, safari ya sita. Mie niliendesha njia nzima, yeye kakaa ubavuni. Nilikuwa na miaka sitini na nne, goti la kulia likinisumbua, nalikanda kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, na kazini sikumwambia mtu kwa sababu goti si macho. Tukishuka namshika mkono, anakanyaga, anataja jina la kaunti kwa sauti ya mkufunzi, tunarudi garini. Zilibaki tano alipofungua mdomo.

"Mwana, unachelewa breki."

"Gari la kukodi hili, breki zake laini."

"Breki zake nzuri. Nasema mguu wako."

Nikahamaki. Nikamwambia neno ambalo nitalijuta mpaka naingia kaburini. Nilimwambia sijakuja Nebraska kufundishwa barabara na mtu asiyeiona. Aligeuza uso dirishani, kwenye dirisha ambalo upande wake wote ni makaa.

Kaunti tatu tulizikanyaga bila kusemezana. Nasimamisha, anashuka, anataja, anapanda. Kwenye ya nne kulikuwa na ndama katikati ya barabara. Nilimuona vizuri, mbali kabisa. Nikaamuru mguu uinuke. Mguu ukafikiri kwanza. Ulifika kwenye breki, ndama akapona, lakini nilihisi ule upenyo baina ya kuamuru na kutiiwa, na nikajua kuwa si mara ya kwanza.

Nikazima gari. Ndama alitutizama, akaondoka kwa nafasi yake.

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

"Leo?"

"Leo."

"Mara nne."

"Mie nimehesabu mbili."

"Ndilo tatizo lenyewe," akasema, na akatafuta mkono wangu kwenye giya mpaka akaupata.

Nilimwomba radhi pale pale. Akasema ameshanisamehe tangu kaunti ya pili, ila alikuwa anafurahia kimya. Kaunti ya mwisho tuliikanyaga pamoja alasiri ile, na ilikuwa nyasi, uzio na ng'ombe. Dada Pushpa akaniuliza kama kuna cha ziada cha kuona. Nikamwambia hakuna. "Vizuri," akasema, "basi sijakosa kitu."

Jumatatu baada ya kurudi nilikwenda ofisini na barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilikabidhi beji na koti la njano, nikatoka gerejini, nikasimama kituoni kama watu wote, nikapanda basi la kwenda nyumbani. Dereva alikuwa msichana, mpya kabisa, shingo imekakamaa. Alifunga breki taratibu, alitizama vioo kwa zamu, alimngojea mzee mmoja mpaka akakaa. Kituo changu kilipofika niliacha mlango wa katikati, nikenda mbele makusudi nimwambie anaendesha vizuri sana. Alinitizama kama anatizama mwendawazimu, akanifungulia mlango.